Firigisi ya Baba

Harufu ya manyoya ya kuku yanayobabuliwa juu ya makaa bado hunikaba koo. Sisemi harufu ya kuku anayeiva, hiyo kila mtu anaipenda, hata paka. Nasema ile inayotangulia, ya vinyoya vidogo vinavyobaki kwenye ngozi baada ya kunyonyoa, pale mama anapomgeuzageuza kuku juu ya mbabula, lile jiko letu la bati lenye matundu, huku moshi ukimpiga machoni na yeye akigeuza uso pembeni bila kuacha kazi. Msimu ule mvua ilikuwa ikinyesha kila siku baada ya saa sita mchana. Makaa tuliyonunua yalikuwa na unyevu, yalilia na kutema cheche kabla ya kukubali kushika moto, na uani kwetu Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, udongo mwekundu ulinata kwenye miguu hadi tukawa tunatembea kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Nilikuwa na miaka tisa. Nikiisikia harufu hiyo leo, popote nilipo, moyo unanienda mbio kama wa mwizi, na nina sababu.

Mama yangu aliitwa Kapinga, lakini jina hilo sikulisikia mara nyingi. Mtaa mzima ulimwita Mama Ilunga, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Alikuja Lubumbashi kwa treni kutoka Kasai akiwa msichana, na shangazi yake wa kumsindikiza, sanduku moja la bati na picha ya mwanamume aliyekuwa hajamwona kwa macho. Mwanamume huyo, baba yangu, alikuwa fundi wa pampu katika mgodi wa Kipushi. Mama alisema picha ile ilimdanganya, kwa sababu ndani yake baba alikuwa amesimama juu ya jiwe. Aliposhuka kwenye treni na kumwona alivyo mfupi, alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwoa, maana baba alikuwa hajawahi kuchekwa na mwanamke bila kukasirika. Walizaa watoto sita. Mimi, Ntumba, ni wa nne, mahali pabaya pa kuzaliwa: wakubwa wanakutuma, wadogo wanaliliwa badala yako.

Kwa watu wetu, kuku hana shida mpaka ufike kwenye firigisi. Mapaja, mbavu, shingo, hayo yana mjadala, lakini firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke hali, mtoto hali, mgeni hapewi. Mama anaisafisha kwa uangalifu kuliko nyama nyingine zote, anatoa ile ngozi ya njano ya ndani, anaipika pamoja na zile nyingine, kisha anaiweka juu ya mchuzi kwenye bakuli la mumewe pale atakapoiona kwanza akifunua. Ndivyo mwanamke anavyomwambia mwanamume kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Mke akila firigisi, huo si ulafi tena, ni kesi. Ndugu wa mume wanaitwa, wanakaa, wanauliza kama mwanamke huyo amekwisha kumzika mumewe moyoni. Watoto wa siku hizi wakisikia hayo wanacheka hadi wanapaliwa. Sisi hatukucheka. Kwetu firigisi ilikuwa kipande cha nyama cha ukubwa wa kidole gumba kilichoweza kuvunja nyumba.

Kisha kazi ya Kipushi ikakatika. Baba alikaa nyumbani miezi kadhaa akitengeneza vitu visivyoharibika, akafungua redio na kuifunga mpaka ikakataa kusema, halafu asubuhi moja akafunga blanketi na sururu na kupanda gari la kwenda Kambove, kuchimba shaba kwa mikono pamoja na wanaume wengine wa aina yake. Alisema atarudi kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza alirudi. Wa pili alituma unga na chumvi. Wa tatu hakikuja kitu, wala wa nne, na mvua zikaanza.

Waswahili wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Mama yangu hakukubaliana nao. Kila jioni alipika bukari, yaani ugali, akaugawa, na kabla sisi hatujanyoosha mkono, alikata donge la baba, akaliweka kwenye sahani yake ya enameli yenye ukingo wa bluu, akapakua sombe, majani ya muhogo, au dagaa kwenye bakuli, akafunika vyote na kuviweka kwenye meza ndogo karibu na kiti chake. Hapo vililala. Asubuhi, kabla ya shule, sahani ile ililiwa kwa zamu na mmoja wetu: bukari baridi uliokauka juu kama ngozi, sombe iliyoganda mafuta. Mama alikuwa akituamsha na maneno yale yale: “Amuka. Papa amekuachia.” Naandika hili na machozi yananijia, kwa sababu mimi niliamini. Miezi yote ile nilikuwa najua vizuri kwamba baba hayupo, na bado nilijua vizuri vile vile kwamba chakula changu cha asubuhi kimetoka kwake. Mama alikuwa akikaanga mikate alfajiri na kuiuza kando ya barabara, mikono yake imejaa alama za mafuta ya moto. Yeye ndiye aliyetulisha, na sifa zote alimpa mtu aliye Kambove.

Jirani yetu mmoja, mwanamke wa mdomo mwepesi, alikuwa akichungulia juu ya ua na kumtania. “Mama Ilunga, ule muzimu yako anakulaka mingi!” Mama alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye unga: “Afazali yangu anakulaka. Yako anakunywaka.” Uani kote kulichekwa, na jirani akacheka zaidi ya wote, kwa kuwa mumewe alikuwa amelala ndani na ilikuwa kweli.

Lakini utani hauzuii habari. Dada mkubwa wa baba, tuliyemwita Tantine Mujinga, jina la kwetu Kasai, si tusi, alikuwa akiishi Kipushi, mwanamke mrefu aliyevaa kikwembe, kitenge chetu, kilichopigwa pasi hata siku za matope. Alikuja siku moja, akakaa kwenye kiti cha baba bila kuulizwa, nami nikiwa nyuma ya pazia nikichambua maharage. Sikuwa nimejificha. Watu wazima husahau kwamba pazia si ukuta.

“Kapinga,” alisema, “mwanaume eko na tumbo. Kule Kambove kuko mwanamuke anamupikia.”

“Yaya, sikatae,” mama alijibu, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa. “Lakini nataka yeye mwenyewe aniambie na kinywa yake, mbele yako. Anarudia nyumbani, ao harudie?”

“Na kama anasema harudie?”

“Basi nitaenda kwetu. Lakini aseme.”

Tantine alinyoosha kikwembe magotini. “Utaenda peke yako,” alisema. “Batoto beko ba kwetu.”

Hakuwa anamtisha. Alikuwa anasema sheria kama inavyosemwa, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya soko. Watoto ni wa ukoo wa baba. Mama angerudi Kasai na sanduku lake la bati, na sisi sita tungegawanywa kwa ndugu, na mimi bila shaka ningekwenda Kipushi kupigia pasi vile vikwembe. Nilikaa na mkono ndani ya maharage, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamchukia baba yangu. Chuki ya mtoto ni kitu cha moto, haijui kusubiri. Nilikumbuka kila asubuhi niliyokula bukari baridi nikimshukuru, na nikaona nimefanywa mjinga.

Tantine aliahidi kumleta. Mambo yalipangwa iwe Jumapili baada ya misa. Wiki nzima mama alikuwa akitayarisha maneno yake. Nilimsikia akiyasema akikanda unga wa mikate, polepole, kama mtoto anayejifunza katekisimu: Papa Ilunga, sikuulizi ulikuwa wapi. Nakuuliza jambo moja. Halafu anakanda tena, anaanza upya, anabadilisha neno. Alikuwa amejiandaa kwa swali moja tu, na maisha yetu yote yalikuwa yamening'inia kwenye swali hilo.

Jumapili alimchinja kuku wa mwisho. Tulikuwa na majike watatu mvua zilipoanza. Wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwa mambo ya shule na ya homa. Huyu alikuwa mweusi mwenye shingo tupu, mtagaji mzuri, na mama alimchinja bila kumwangalia. Alimbabua, akampika na vitunguu na nyanya, akasonga bukari mkubwa mweupe, akapanga bakuli la baba na kuweka firigisi juu kabisa. Akafunika. Halafu akasema nikae pale nifukuze nzi wakati yeye anakwenda kuoga na kuvaa. Kaka na dada zangu walikuwa nje wakichota maji ya mvua yaliyojaa kwenye pipa.

Wahenga wanasema mwenye njaa hana miiko. Wasomaji wangenihurumia zaidi kama ningejificha nyuma ya methali hiyo, na njaa ilikuwepo kweli, hatukuwa tumeonja kuku tangu mvua za kwanza. Lakini sikula kwa njaa. Nilifunua bakuli, nikaiona imekaa pale juu, imeng'aa, ikimsubiri mtu aliyetuacha, nikasema moyoni: huyu hastahili. Nikaiweka yote mdomoni. Ilikuwa ya moto, ngumu, ikagoma kutafunika. Niliitafuna nikiwa nimeelekea ukutani, mate yakinijaa, nikisikia maji ya mama yakimwagika kule bafuni, na nikaimeza karibu nzima. Sikusikia ladha yoyote. Nikafunika bakuli, nikaendelea kufukuza nzi.

Walifika mvua ikianza. Baba alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na kucha zake zilikuwa na rangi ya kijani kibichi ya mawe ya shaba. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji. Alisimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa nyumbani kwake, na mama, aliyevaa kikwembe chake kizuri cha maua ya manjano, alipiga goti kidogo.

“Papa Ilunga. Karibu. Bukari iko tayari.”

“Mama Ilunga,” alisema, akaingia.

Kwetu hakuna shauri linaloanza na tumbo tupu. Kwanza watu wanakula. Mama alileta maji ya kunawa, akamnawisha Tantine, akamnawisha baba, akafunua sahani. Akafunua bakuli. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba, na nilimwona baba akiangalia juu ya mchuzi, halafu akisogeza paja kwa kidole, halafu mbavu. Hakuwa na uso wa kudai kitu siku ile. Nadhani angekula na kunyamaza. Ni Tantine aliyeinama, akatazama ndani ya bakuli, kisha akainua kichwa.

“Firigisi ya ndugu yangu iko wapi?”

Mama aliangalia bakuli. Halafu akaniangalia mimi. Ilikuwa mara moja tu, muda wa kupepesa jicho. Midomo yangu ilikuwa bado inang'aa mafuta, sikuwa na akili hata ya kujifuta. Akarudisha macho kwa wifi yake.

“Ni mimi nilikula.”

“Wewe?”

“Ni mimi. Njaa ilinishinda.”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia watu wakisema uongo kwa ajili ya cheo, kwa ajili ya pesa, kwa ajili ya mapenzi. Sijasikia uongo uliosemwa kwa utulivu kama ule. Leo, nikiwa mama mwenyewe, naelewa hesabu aliyoipiga. Kama angesema ni mimi, ningepigwa, hilo ni dogo. Lakini ningebaki na jina. Msichana aliyekula firigisi ya baba yake ni msichana ambaye hata wachumba wa mbali wanaambiwa habari zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alinichukulia jina lile, akalivaa yeye, kwenye siku ambayo alihitaji kuwa safi kuliko siku zote.

Tantine alisimama, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyeua mbu. “Unasikia? Bwana yake eko muzima, eko anapumua, na yeye anamukulia firigisi! Kwake amekwisha kufa!” Aliyasema hayo chini ya paa ambalo kila jioni, miezi yote ile, sahani ya mtu huyo iliwekwa mezani. Sahani ile ile ilikuwa mbele yake. Mama hakuitaja. Aliinamisha kichwa, na maneno yote aliyokuwa ameyakanda pamoja na unga wiki nzima yakabaki hapo hapo kifuani mwake, kwa sababu mshtakiwa haulizi maswali. Baba alikuja kujibu, na sasa ameketi kama hakimu. Tantine alimtaka aamue pale pale, mwanamke afunge mizigo. Baba alinawa mikono yake ingawa hakuwa amekula, akaangalia viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo, “Atalipa kuku. Ikwishe.” Akatoka na kurudi Kambove kwenye mvua, bila kuulizwa swali lolote.

Faini ya kosa hilo ni kuku jike mweupe, na kitambaa cheupe cha kumfunga mguu. Hatukuwa tena na kuku. Mama alifuma vitambaa vya meza viwili, kazi aliyojifunza ujanani kwenye nyumba ya mafunzo ya wake wa wafanyakazi, akavibadilisha kwa mke wa mwalimu mmoja aliyefuga majike meupe. Akanichagua mimi kumsindikiza Kipushi. Kati ya watoto sita, mimi. Tulikaa nyuma ya gari la mizigo juu ya magunia, turubai likipiga juu ya vichwa vyetu, na mimi nimemkumbatia kuku yule, nikisikia moyo wake mdogo ukipiga kwenye viganja vyangu. Njia nzima nilikuwa nakusanya ujasiri. Tulipokaribia mji nikafungua kinywa.

“Mama, ile firigisi…”

“Shika kuku muzuri,” alisema. “Itakimbia.”

Tantine alituacha tusimame uani muda mrefu. Halafu mama akapiga magoti kwenye matope, kikwembe chake cha manjano kikachafuka mpaka mapajani, akatoa kuku kwa mikono miwili na kuomba msamaha kwa ukoo wa mumewe kwa kosa ambalo hakulifanya. Tantine alipokea, akampa maji ya kunywa, ishara kwamba moyo umeshuka. Mimi alinipa karanga. Nilizishika mkononi mpaka tukarudi nyumbani, zikiwa zimelowa jasho, nikazitupa kwa vifaranga vya jirani. Jioni ile mama aliosha kikwembe, akasonga bukari, na kabla ya kutugawia akakata donge la baba.

Baba alirudi mvua zilipokwisha, asubuhi ya baridi, upepo wa kiangazi ukianza kutimua vumbi. Alikuwa na blanketi lile lile, na kikohozi kipya. Mama alikuwa anapakua. Alimwangalia tangu kichwani hadi miguuni, akachukua sahani ya enameli mezani, na kusema, “Nawa mikono. Bukari itapoa.” Ndiyo yote. Habari za mwanamke wa Kambove hazikutajwa mbele yetu hata siku moja, na kama zilitajwa mbali nasi, siri ya mtungi aijuaye kata. Baadaye mwaka huo tulipata kuku tena. Baba alifunua bakuli, akaiona firigisi, akaikata katikati na kumsogezea mama nusu, akicheka kidogo ili kuonyesha kwamba mambo yamepita.

“Kamata, Mama Ilunga. Si unaipendaka?”

“Mimi?” alisema mama, naye akasahau. “Hata utamu yake siijue.”

Kisu kilibaki hewani. Baba akamwangalia, akatuangalia nyuso mezani, mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu na kukaa hapo. Nikainamia sahani yangu. Baba alitafuna firigisi ile kwa muda mrefu sana, zile nusu zote mbili, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuinua sauti mbele ya mke wake.

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Kifua cha baba hakikupona, vumbi la mawe lilikuwa limekaa ndani, na mama alimuuguza kwa miaka, akimwinua kitandani, akimpeleka kwenye jua la asubuhi, akimpakulia kwanza. Alimzika. Alilea wajukuu, akamzika mtoto mmoja, kaka yangu Ilunga, na hata hivyo watu hawakuacha kumwita kwa jina lake. Alikaanga mikate mpaka mikono ikakataa, ndipo nikamchukua nyumbani kwangu. Mimi nimekuwa mwalimu, nina meza ya watu wanane na hakuna anayekaa kula kwa wakati mmoja na mwenzake. Kila mtu anapasha chakula chake kwenye mashine anaporudi, anakula akiangalia simu. Mama alikuwa akikaa mwisho wa meza ile akishangaa, na mara nyingi nilimkuta amefunika sahani ya mtu ambaye hata hakusema kama anarudi.

Mwaka wake wa mwisho nilimchinjia kuku wa kienyeji. Nilipika kama yeye, nikaweka firigisi juu ya mchuzi wake. Nilitaka ale, angalau mara moja, kitu alichoadhibiwa kwa ajili yake. Alifunua, akaiangalia, akaitoa na kuiweka kwenye kisahani, akanisogezea.

“Mama, iko yako,” nilimwambia. “Papa alishakufa. Hakuna mwenye atasema kintu.”

Aliangalia vidole vyake, vilivyopinda kama mizizi. “Ile siku ulikula na woga,” alisema. “Leo kula pole pole.”

Nikala. Miaka yote ile alikuwa amekaa na jambo hilo, na alichokuwa anakisikitikia si goti lake kwenye matope, ni kwamba mimi sikupata ladha. Nilitafuna huku machozi yakinitiririka hadi kidevuni, naye akanitazama kwa ule ujanja wake wa zamani na kuuliza, “Iko na pilipili?” Nilicheka nikapaliwa. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema samahani, na kicheko kikaila.

Alikufa kabla ya mvua. Kwenye kilio walijaa watu, na Tantine Mujinga aliletwa kutoka Kipushi, mzee sana, amebaki mifupa na sauti. Alisimamishwa na wajukuu wawili ili aseme. Alimsifu wifi yake vizuri, kwa haki. Kisha, kwa kuwa kwetu maiti hutaniwa pia, akaongeza: “Kosa yake ilikuwa moja tu, munaijua bote. Alikula firigisi ya ndugu yangu!” Watu wakacheka, kicheko cha upole, wengine hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule, ila hadithi waliijua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina lile alilolivaa kwa ajili yangu halikuwahi kuvuliwa. Alikuwa anakwenda nalo kaburini, limegeuzwa mzaha. Nikasimama. Nywele zangu zina mvi, nina wajukuu, na nilijifuta midomo kwa kiganja kama mtoto wa miaka tisa.

“Tantine,” nilisema, “ni mimi nilikula. Mama hakuigusa.”

Mzee yule alinitafuta kwa macho yake yenye ukungu, akanipata. “Sasa ile kuku,” alisema taratibu, “nilikula kuku ya muntu mwenye hana kosa?” Hakuna aliyecheka. Akaketi, akajifunika uso kwa kikwembe chake kilichopigwa pasi, na akalia kwa sauti kuliko sisi wana wa marehemu.

Wiki mbili baadaye mjukuu wake wa kike aligonga kwenye geti langu. Alikuwa amembeba kuku jike, mweupe kabisa, mguuni amefungwa kitambaa cheupe. “Kambo anasema hii ni ya Mama Ilunga,” alisema, akimaanisha bibi yake, Tantine. “Kesi imekwisha.” Nilimpokea kwa mikono miwili, nikapiga goti pale getini mbele ya watu wanaopita, maana hivyo ndivyo inavyopokelewa. Mama yangu alishinda kesi yake, na hakuwepo.

Katika friji yangu kuna mfuko wa firigisi. Siku hizi zinauzwa hivyo, zimegandishwa, nyingi kwa mara moja, kutoka kwa kuku ambao hakuna aliyewaona wakitembea. Wanangu wanazichoma kwenye vijiti Jumamosi na kula na bia, waume kwa wake, na hakuna nyumba inayovunjika. Sisemi ni vibaya. Sitamani binti yangu apige goti kwenye matope ya mtu. Lakini katika mfuko ule hakuna hata moja iliyo ya mtu fulani, na nikizila sizisikii utamu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu wa Tantine nimemwachia kitambaa chake. Anazunguka uani, anachakura, juzi ameanza kutaga. Watoto wananiuliza tutamchinja lini. Nawaambia bado. Siku nikimchinja nitalazimika kupanga bakuli na kuweka firigisi juu ya mchuzi, halafu kufunika, na sijui nitamfunikia nani.